Nairobi na kinamasi chake: kwa nini mji haukuhamishwa mapema?

FundiEmbakasi (mwanzisha mada)

Wanajukwaa, hamjambo.

Mimi ni fundi wa ujenzi, na viwanja vingi ninavyoitiwa kazi viko Embakasi na pembezoni mwa eneo la viwanda. Mteja akinionyesha kiwanja huko, jambo la kwanza ninalomwambia ni kwamba kabla ya kumwaga zege lolote itatulazimu kuchimba na kuzoa udongo mweusi wote mpaka tufike kwenye mwamba, kwa kuwa udongo ule hunywa maji ukavimba wakati wa mvua, kisha jua likiwaka hukauka na kupasuka nyufa ambazo mtu huweza kutumbukiza kiganja kizima, na ukuta uliosimamishwa juu yake hufuata nyufa hizo hizo. Gharama ya malori ya kuuzoa huwashtua wengi, maana hawakuipangia. Nikipata kazi Kileleshwa au Muthaiga nakuta udongo mwekundu, mteremko unaopitisha maji, na msingi wa kawaida unatosha.

Sasa swali langu ni la historia. Watu waliouanzisha mji huu walikuwa wahandisi, na wahandisi hupima ardhi kabla ya kuijenga. Ilikuwaje wakaweka kitovu cha mji kwenye tambarare yenye kinamasi, huku vilima vyenye udongo mzuri viko umbali wa kutembea kwa miguu? Isitoshe, nimesoma kwamba tauni ilizuka mara kadhaa katika miaka ya mwanzo na kwamba waganga wa serikali walishauri mji uhamishwe. Kwa nini haukuhamishwa wakati ulikuwa bado mahema na mabati? Naomba majibu yenye miaka na majina. Lile jibu la kwamba mkoloni aliamua alivyotaka nimelisikia vya kutosha, na halinisaidii kuelewa chochote.

MzeeWaKarakana

Ndugu Fundi, wahandisi waliiona hali ya ardhi vizuri sana, ila hawakuwa wanatafuta mahali pa kujenga mji. Walikuwa wanatafuta yadi ya reli. Ukilishika hilo, mengi yaliyofuata yanaeleweka.

Reli ilianza kulazwa Mombasa mwaka 1896, na tarehe 30 Mei 1899 ncha yake ilifika Nairobi, maili 327 hivi kutoka pwani. Tazama kilichokuwa mbele yao. Nairobi iko kwenye mwinuko wa mita 1,660 au karibu na hapo, na Limuru, ambako reli ilipaswa kupita kabla ya kuteremka Bonde la Ufa, ni zaidi ya mita 2,200. Maana yake ni kwamba baada ya Nairobi hapakuwa tena na uwanja wa tambarare wa kutosha kupanga njia nyingi za reli sambamba, kujenga karakana na maghala, kugeuza injini na kupunguza mabehewa kabla ya kuanza mpando. Kila kitu kilitoka ng'ambo kwa meli, yaani reli zenyewe, mataruma ya chuma, vifaa vya madaraja na injini, na vyote vilihitaji kuhifadhiwa mahali fulani kabla ya kusukumwa mbele. Palikuwa na maji ya mto kwa ajili ya injini za mvuke, na palikuwa na baridi inayowafaa maofisa waliochoshwa na joto la pwani. Kwa mtu wa reli, tambarare yenye tope inashinda kilima kizuri, kwa sababu tope hutibika kwa kumwaga kokoto, lakini mteremko katika yadi hautibiki.

George Whitehouse, aliyekuwa mhandisi mkuu, aliyahamisha makao makuu ya reli kutoka Mombasa hadi hapo mwaka huo huo wa 1899. Ramani ya mji wa reli ilikuwa imekwisha kuchorwa mwaka 1898, kabla treni haijafika. Ilikuwa na kituo, karakana, nyumba za wafanyakazi wa kizungu wa reli, na sehemu ya wafanyabiashara. Makuli wa Kihindi waliokuwa wakiilaza reli hiyo, ambao kwa ujumla wa miaka yote ya ujenzi walifika 32,000 hivi, hawakuwekewa mahali katika ramani hiyo. Mwafrika naye hakuwekewa mahali.

Utawala wa serikali ulikuja baadaye, na ulikuja kama mgeni. John Ainsworth, aliyekuwa akikaa Machakos tangu mwaka 1892, alihamia Nairobi Agosti 1899. Kwa kuwa ardhi ya tambarare yote ilihesabiwa kuwa ya reli, alilazimika kujenga ofisi yake ng'ambo ya mto, upande wa kaskazini, kule kwenye mwinuko ambako leo kuna makumbusho ya taifa. Kwa hiyo tangu mwanzo palikuwa na mamlaka mbili zilizotazamana kutoka kingo mbili za mto na zisizopatana: reli iliyokuwa na fedha, mafundi na ardhi, na ofisa wa serikali aliyekuwa na bendera na askari wachache. Kanuni za kwanza za mji zilipotangazwa mwaka 1900, mpaka ulichorwa kwa kuzungusha duara la maili moja na nusu kutoka ofisi ya Ainsworth. Hebu fikiri, kitovu cha duara la kisheria kiko kilimani, na kitovu cha maisha ya mji kiko bondeni kwenye stesheni. Kamati ya mji iliyoundwa kusimamia eneo hilo haikuwa na fedha za kuchimba hata mfereji mmoja wa maana, na kila ilipotaka kufanya jambo bondeni iliombwa kwanza iongee na reli.

Ainsworth alifanya alichoweza. Ile mikalitusi ya zamani iliyokuwa pembeni mwa barabara za katikati ya mji asili yake ni mpango wake, maana mti ule hunywa maji mengi na hukua upesi. Ila mikalitusi si mfereji.

MuuguziMstaafu

Mzee wa Karakana ameeleza vizuri kwa nini yadi iliwekwa pale. Sehemu ya pili ya swali, ya kwa nini mji haukuondolewa, ni ya afya na fedha, na hapo naona reli haipaswi kubeba lawama peke yake.

Tauni ya kwanza haikungoja mji uote mizizi. Mwaka ule ule wa 1899, J. H. Patterson, ambaye wengi humjua kwa habari za simba wa Tsavo, alikuwa amepewa kazi Nairobi. Walipoonekana wagonjwa wawili watatu katika bazaa, aliwapa Wahindi na Waafrika waliokaa humo muda wa saa moja watoke, kisha akaiteketeza bazaa nzima kwa uamuzi wake mwenyewe. Aliyaandika haya baadaye pasipo haya yoyote, na akasema kwamba wakubwa wake walimkaripia kidogo tu. Mwaka 1902 tauni ilirudi na bazaa ikachomwa tena. Mwaka 1904 ikarudi. Ilirudi pia baada ya hapo.

Naomba tuangalie jambo moja ambalo wasimuliaji wengi hulichanganya. Kinamasi huleta mbu, na mbu huleta malaria. Kinamasi hakileti tauni. Tauni hubebwa na viroboto wa panya, na panya hufuata nafaka. Bazaa ilikuwa duka, ghala la mchele na unga, na chumba cha kulala, vyote chini ya bati moja, katika viwanja vidogo vilivyobanwa kwa sababu hapakutolewa vingine, na ilikuwa mwisho wa njia iliyoletewa mabehewa ya nafaka kutoka bandarini kila siku. Ukiichoma nyumba ya namna hiyo, panya hawasubiri kuungua, bali huhamia kwa jirani. Si haki kuwalaumu sana watu wa wakati ule kwa kutojua, kwani wazo la kwamba kiroboto wa panya ndiye mwenezaji lilitolewa na mtafiti Mfaransa mwaka 1898 na lilichukua miaka kukubaliwa. Hata hivyo, lawama waliyoitoa walijua wanaielekeza kwa nani. Walisema Mhindi ni mchafu. Hawakusema kwamba mji haukuwa na mfereji wala vyoo wala viwanja vya kutosha, mambo ambayo hayakuwa kazi ya mwenye duka kuyaleta.

Sasa kuhusu kuhama. Waganga wa serikali walishauri, na walishauri zaidi ya mara moja, hasa baada ya milipuko ya 1902 na 1904. Mwaka 1902 ndio uliokuwa wakati wenyewe, kwa kuwa mjini palikuwa na majengo ya reli, ofisi chache na bazaa iliyokwisha kuwa majivu. Mambo mawili yaliuua ushauri huo. Kwanza, gharama: reli ilikuwa imekula mamilioni ya pauni ya mlipakodi wa Uingereza, na hakuna waziri London aliyetaka kusimama bungeni kuomba fedha za kujenga karakana mara ya pili. Pili, mwezi Aprili mwaka huo huo wa 1902, lile Jimbo la Mashariki lililokuwa chini ya Uganda, kuanzia Bonde la Ufa hadi Ziwa Viktoria, lilihamishiwa himaya ya Afrika Mashariki. Nairobi, iliyokuwa karibu na mpaka wa magharibi, ikajikuta katikati ya nchi. Kamishna Charles Eliot alikuwa anawaita walowezi waje kuchukua ardhi ya nyanda za juu, nao walishukia kituo hicho hicho kungoja vibali vyao.

Kutoka hapo kila mwenye fedha aliongeza uzito wake. A. M. Jeevanjee, mkandarasi wa reli aliyetoka Karachi, alijenga soko la mji mwaka 1904 na mwaka 1906 akautolea umma ile bustani inayoitwa kwa jina lake hadi leo. Hoteli ya Norfolk ilifunguliwa Krismasi ya 1904. Kati ya 1905 na 1907 makao makuu ya himaya yalihamishwa kutoka Mombasa. Hesabu ya watu ya mwaka 1906 ilikuta wakazi 11,512. Mwaka huo Hayes Sadler, mkuu wa himaya, aliiandikia London akiusikitikia uamuzi wa zamani wa kuuacha mji pale, na mwaka uliofuata Winston Churchill, akiwa naibu waziri wa makoloni, alipita akaandika kwamba mahali pale palichaguliwa kwa urahisi wa reli na kwamba muda wa kubadilisha ulikuwa umekwisha kupita. Miaka minane tu, tangu hema la kwanza hadi kuambiwa kwamba tumechelewa.

MkaziWaNgong

Naongeza neno fupi, kwa sababu naona tunazungumza kana kwamba treni ilishuka mahali pasipo na mwenyewe.

Uwanda ule ulikuwa malisho ya Wamaasai, na mwanzo wa vilima upande wa magharibi na kaskazini ulikuwa mpaka wao na Wakikuyu, mpaka wa kuuziana na kuoana, na nyakati nyingine wa kupigana. Misafara ya pwani ilijua Ngong na Dagoretti kuwa mahali pa kununua chakula kabla ya kuvuka kuelekea Uganda, na kwa sababu hiyo hiyo kampuni ya Waingereza ilijenga ngome Dagoretti mwaka 1890 na nyingine Kabete mwaka 1891. Waiyaki wa Hinga, aliyepatana nao kwanza na kugombana nao baadaye, alikamatwa mwaka 1892 na kufia Kibwezi akipelekwa pwani.

Wapimaji wa reli waliiona nchi tupu kwa sababu walikuja baada ya maafa. Sotoka ilimaliza ng'ombe mwanzoni mwa miaka ya 1890, ndui ikafuata, na njaa kubwa ya 1898 na 1899 ikawakuta wasafiri wa reli wenyewe wakipita kwenye mashamba yasiyo na watu. Nchi iliyopumzishwa kwa msiba iliandikwa kuwa nchi isiyo na mtu, na viwanja vikagawiwa kwa maandishi hayo. Mkataba wa 1904 uliowaondoa Wamaasai Bonde la Ufa, na ule wa 1911 uliowaondoa Laikipia, umetoka katika maandishi ya aina hiyo hiyo.

BintiMajengo

Mzee wa Karakana, shikamoo. Nawe Muuguzi, nimekusoma kwa makini. Mmetaja reli, serikali, Wahindi na walowezi, ila katika masimulizi yenu hakuna aliyepika, aliyebeba mizigo wala aliyejenga nyumba ya udongo. Wazee wangu ni wa Pumwani, kwa hiyo mtaniwia radhi nikirefusha.

Wakati ramani ya 1898 ilikuwa haina mahali pa Mwafrika, Waafrika walijitengenezea mahali. Walikuwa wapagazi waliostaafu misafara, askari, wapishi, wachuuzi, na wanawake waliokuja kwa safari zao wenyewe. Wengi walikuwa Waislamu au walisilimu mjini, na Kiswahili kilikuwa lugha ya wote hata kama kila mmoja nyumbani kwao alisema lugha nyingine. Ndivyo vilivyozaliwa vijiji vya Pangani, Mombasa, Masikini, Kaburini na Kileleshwa. Naam, Kileleshwa unayoijengea nyumba za kifahari, ndugu Fundi, ilikuwa na kijiji cha Waswahili. Vijiji hivi havikuwa vibanda vya kupita. Vilikuwa na misikiti, wazee wa mtaa, na nyumba za mpango wa pwani: mlango mmoja wa mbele, ukumbi mrefu katikati, vyumba kulia na kushoto, ua nyuma wenye jiko na choo, kuta za fito na udongo, na paa la madebe ya mafuta ya taa yaliyopasuliwa na kunyooshwa kwa nyundo. Mwenye nyumba alikaa chumba kimoja na kupangisha vingine, na hivyo mfanyakazi aliyetoka Nyeri au Kavirondo, yaani nchi ya kando ya Ziwa Viktoria, alipata pa kulala katika mji ambao mwajiri wake hakumpangia kitanda.

Jambo ambalo wasomaji wengi hawalijui ni kwamba sehemu kubwa ya wenye nyumba walikuwa wanawake. Mwanamke aliyekimbia ndoa mbaya au njaa, akafanya biashara mjini, hata biashara ambayo watu huitaja kwa kunong'ona, aliweza kuweka akiba akajenga nyumba yenye jina lake, jambo ambalo kwao kijijini lisingewezekana. Wapo waliorithisha nyumba hizo kwa watoto wa kulea au kwa dada zao.

Serikali ya mji ilivitazama vijiji hivi kama ilivyoitazama bazaa, yaani kama ugonjwa. Baada ya vita ya kwanza ya dunia, wakati sheria ya kipande, yaani kitambulisho ambacho mwanamume Mwafrika alilazimika kukibeba, iliyopitishwa mwaka 1915 ilianza kutumika, mji ulitenga mahali pamoja tu pa Mwafrika kukaa kihalali, nako ni Pumwani, upande wa mashariki, ng'ambo ya mto, karibu na ardhi yenye majimaji. Mwanzoni mwa miaka ya 1920 vijiji vilibomolewa kimoja baada ya kingine na watu wakaambiwa wajenge upya huko, kwa gharama zao, katika viwanja vilivyopimwa. Nyumba ilikuwa yako, ardhi haikuwa yako: ulilipia kiwanja ada, na ada ikikosekana huna haki. Pangani pekee ilichelewa, kwa kuwa ilikuwa kubwa na wenye nyumba wake walishupaa. Ilibomolewa mwishoni mwa miaka ya 1930 na wenyewe wakapelekwa Shauri Moyo.

Wanubi wa Kibera hadithi yao iko kando kidogo. Wao walikuwa askari wa Kisudani wa jeshi la Waingereza na familia zao, waliowekwa pembezoni mwa mji tangu mwaka 1904 hivi, na mwaka 1918 ardhi yao ya zaidi ya ekari 4,000 ikatangazwa kuwa hifadhi ya jeshi. Nao pia walipewa kukaa, hawakupewa hati.

FundiEmbakasi

Bi Majengo, ahsante sana, hujarefusha. Mzee, Muuguzi na Mkazi wa Ngong, nashukuru vile vile.

Limebaki moja linalonisumbua. Nikichukua ramani ya udongo na ramani ya mitaa ya wakati wa ukoloni, naona mwekundu unakwenda na Wazungu, na mweusi unakwenda na Waafrika, huku Wahindi wako katikati, Parklands na Ngara. Je, mgawanyo huu uliamriwa na sheria, au bei ya ardhi ilitosha kuufanya?

MsomajiWaDar

Samahani kuingilia mji usio wangu. Huku kwetu Wajerumani walitoa kanuni za ujenzi mwaka 1891 zilizogawa Dar es Salaam katika maeneo kulingana na aina ya nyumba. Ufukweni upande wa mashariki ilitakiwa nyumba ya mawe ya mtindo wa Ulaya, na kibanda cha udongo na makuti kiliruhusiwa mbali tu, nyuma ya mji. Rangi ya mtu haikuhitaji kuandikwa, kwa sababu mwenye uwezo wa kujenga nyumba ya mawe ya ghorofa alijulikana ni nani. Waingereza walipochukua mji mwaka 1916 waliukuta mgawanyo huo tayari, wakauendeleza, na Mnazi Mmoja ikaachwa wazi kati ya Wahindi na Waafrika. Yumkini Nairobi walitumia njia inayofanana.

MwalimuWaJiografia

Msomaji wa Dar amegusa penyewe. Nairobi ilitumia njia tatu kwa zamu, na hazikuwa na nguvu sawa.

Ya kwanza ilikuwa reli yenyewe. Maofisa wa reli walipewa nyumba juu ya mwinuko wa magharibi ya stesheni, mahali penye upepo, na wafanyakazi wa chini walipangiwa safu za vyumba karibu na karakana, kule Muthurwa na Landhies. Daraja la kazi liligeuka kuwa kimo cha mwinuko. Walowezi na wafanyabiashara wa Kizungu walifuata upande ule ule, si kwa sababu walijua habari za msingi wa nyumba kama unavyojua wewe, bali kwa sababu waliogopa malaria na walitaka mandhari.

Ya pili ilikuwa ushauri wa kitaalamu. Mwaka 1913 Profesa W. J. Simpson alitumwa kuchunguza hali ya afya katika miji ya Afrika Mashariki, na akapendekeza kila mbari iwe na eneo lake, na kati ya maeneo hayo pawe na ardhi tupu isiyokaliwa. Hapa nakubaliana na Muuguzi: lugha ilikuwa ya tauni na mbu, lakini mstari uliochorwa ulikuwa wa rangi ya ngozi. Wahindi waliupinga mpango huo kwa miaka kumi, wakiongozwa na watu kama Jeevanjee, ambaye wakati huo alikuwa amekwisha kuwa Mhindi wa kwanza katika Baraza la Kutunga Sheria. Waraka wa serikali ya Uingereza wa mwaka 1923, uitwao wa Devonshire, uliufuta rasmi utengano wa Wazungu na Wahindi mijini. Ardhi ya nyanda za juu ilibakishwa kwa Wazungu, hilo lilikuwa badilishano lake.

Njia ya tatu ndiyo iliyodumu, nayo ilikuwa hati ya kiwanja. Waraka wa 1923 haukumzuia mwenye ardhi kuweka sharti katika hati kwamba kiwanja hakitauzwa wala kukodishwa kwa mtu asiye Mzungu, na kwamba Mwafrika au Mwasia asilale humo isipokuwa akiwa mtumishi wa nyumba. Basi ukichanganya sharti hilo na ukubwa wa chini wa kiwanja, ambao upande wa vilima ulihesabiwa kwa ekari nzima nzima, huhitaji tena sheria ya ubaguzi. Kwa Mwafrika mambo yalikuwa mazito zaidi, kwa sababu kwake sheria ilikuwapo waziwazi: nje ya Pumwani na nyumba za mwajiri hakuwa na mahali pa kukaa, na kipande kilimfuata kila alikokwenda.

Kuna jambo la mipaka linalofaa kuongezwa. Hadi miaka ya 1920 vitongoji vingi vya Kizungu vya vilimani vilikuwa nje ya mpaka wa halmashauri ya mji. Wakazi wake walifanya kazi mjini, walinunua mjini, walipita katika barabara zilizotengenezwa na mji, lakini kodi ya majengo hawakulipa kwa sababu kisheria walikuwa shambani. Tume ya Jaji Feetham ya 1926 na 1927 ilipendekeza mpaka upanuliwe uvichukue, na mwaka 1928 ukapanuliwa. Walipoingia, waliingia pamoja na viti vingi katika baraza la mji, Wahindi wakapewa vichache, na watu wa Pumwani, ambao walikuwa wamelipia viwanja vyao tangu walipohamishiwa huko, hawakupewa hata kimoja. Fedha za mifereji na taa katika miaka iliyofuata ziligawiwa na baraza lenye sura hiyo, na ukitaka kujua kwa nini mabomba ya majitaka ya Eastlands, yaani mitaa ya mashariki ya mji, ni membamba na machache kuliko ya upande wa pili, anza kusoma kumbukumbu za vikao vyake kuanzia hapo.